Uyoga wa Rumonge na hesabu za watafiti

Katika koperative zetu, kuanzia Uvira na Sange hadi Baraka, kila mradi unapoletwa unakuja na karatasi za mtaalamu wake. Karatasi zinasema ana machapisho kadhaa na "ametajwa" mara nyingi. Wamama wakisikia hivyo wanacheka, maana kwetu kutajwa si jambo zuri sana: mtu anatajwa kwa chifu, anatajwa barazani, halafu anaitwa kujieleza. Hata hivyo inafaa tujue hesabu hii ni ya nini, kwa sababu ndiyo inayoamua mtafiti gani atapewa feza na gani ataachwa. Tuchukue mfano wa karibu, mtu wa uyoga aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa letu.

Ukisimama kwenye rasi ya Ubwari, milima unayoiona upande wa pili ni ya Rumonge, Burundi. Huko kumebaki vipande vya msitu wa miombo, miti ambayo wataalamu wanaiita Brachystegia. Mvua zikishika, chini ya miti hiyo unaota uyoga wa rangi zote: wa njano, mwekundu, mweupe, na ule unaotoa maziwa ukiuvunja. Mbelgiji Bart Buyck aliusoma uyoga huo, na mwaka 1994 akatoa kitabu juu ya uyoga unaolika wa magharibi ya Burundi. Kilichapishwa Brussels na idara ya ushirikiano ya serikali ya Ubelgiji, katika mfululizo wake wa vitabu vya kilimo. Jina lake ni la Kirundi: Ubwoba. Kwa Kirundi ubwoba ni uyoga, na neno linaloandikwa vilevile ni woga. Sijui jina gani lingefaa zaidi kwa chakula ambacho aina moja inashibisha watoto na jirani yake inawaua.

Tuangalie mwaka wenyewe. Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na 1994 Burundi ilikuwa vitani. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1996, vita vilifika Uvira. Watu walivuka kutoka huku kwenda kule na kutoka kule kuja huku. Kitabu kilichoandikwa juu ya chakula cha porini cha pwani hii kilitoka wakati ambapo wenye pwani walikuwa mbioni, na wengi wao walikuwa wanakula hichohicho cha porini. Hakuna hesabu ya kutajwa inayoweza kuonyesha jambo la namna hiyo.

Sasa hesabu yenyewe. Mtafiti akiandika makala, mwishoni anaweka orodha ya kazi za wengine alizozitumia. Kila kazi iliyo katika orodha hiyo inahesabiwa kuwa imetajwa mara moja. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyefanya hesabu hii kuwa kazi kubwa: mwaka 1964 alianza kutoa vitabu vya kuonyesha nani kamtaja nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza alama moja inayoitwa h. Iko hivi: muuzaji mwenye bidhaa 20, na kila moja ina wateja wasiopungua 20, anapata alama 20. Mwenye bidhaa moja tu, hata ikiwa na wateja elfu, anapata 1. Badala ya bidhaa weka makala, badala ya wateja weka waliomtaja. Basi, ni hiyo tu.

Si hesabu ya uongo. Inaonyesha kama wataalamu wengine wanaona kazi ya mtu inawafaa. Lakini wateja wanaohesabiwa ni wale wanaoandika makala peke yao. Mama wa Vyanda aliyejua kutofautisha uyoga mbili kwa harufu hayumo, na mama wa Fizi aliyeokoka kwa sababu alionywa naye hayumo.

Kwa wataalamu wa mimea na kuvu kuna shida nyingine zaidi. Kazi yao kubwa ni kutoa majina. Uyoga mmoja wa maziwa unaoliwa Burundi ulipewa jina la sayansi la Lactarius edulis na Buyck pamoja na Annemieke Verbeken wa Chuo Kikuu cha Ghent. Edulis maana yake "unaolika", yaani waliutolea jina kwenye jiko la watu wa hapo. Mwingine Verbeken aliuita rumongensis, "wa Rumonge". Kila mtu duniani anayeandika jina kamili la aina hiyo anaweka nyuma yake majina ya waliolitoa. Lakini mara nyingi hawaweki kitabu chao katika orodha ya mwisho, kwa hiyo hesabu haioni kitu. Mtu anaweza kutumiwa kila siku na asionekane, kama fundi aliyejenga daraja ambalo kila mtu analivuka.

Halafu majina yenyewe yanahama. Buyck, Valérie Hofstetter na wenzao walipima DNA ya uyoga wa jamii hii, na mwaka 2008 walionyesha kwamba ule uliokuwa ukiitwa Lactarius haukuwa ukoo mmoja. Sehemu kubwa ya uyoga wa maziwa wa Afrika ikahamishiwa jina la Lactifluus. Kwa hiyo edulis ya Burundi leo ni Lactifluus edulis. Makala ya DNA kama hii inawagusa wataalamu wa Ulaya, Asia na Amerika kwa pamoja, na ndiyo inayojaza hesabu ya kutajwa. Kitabu cha 1994, chenye picha na maelezo ya uyoga ambao mtu wa Rumonge anaokota, ni kitabu cha shirika la misaada. Si makala ya jarida. Kinaonekana tu pale mtu mwingine anapokikumbuka. Ukiniuliza mimi kipi nikipeleke Baraka, sitafikiri mara mbili.

Tusimsingizie Buyck kwamba alichukua akaenda. Mwaka 1995 alitoa makala pamoja na Mrundi Benoît Nzigidahera katika jarida la mimea la Ubelgiji, juu ya jinsi watu wa magharibi ya Burundi wanavyoujua na kuutumia uyoga wao. Jina la Mrundi likawa juu ya karatasi pamoja na la mgeni. Baadaye Jérôme Degreef na wenzake waliendelea, na mwaka 2016 wakaandika juu ya uyoga wa porini kama chakula na njia ya maendeleo Burundi na Rwanda. Kwa upande wa Kongo, André De Kesel, Bill Kasongo na Degreef walitoa mwaka 2017 kitabu kikubwa cha uyoga unaolika wa Haut-Katanga, katika mfululizo wa Abc Taxa. Ni cha Kifaransa na kinapatikana bure kwenye intaneti. Miombo ya Katanga ni ndugu ya miombo ya Rumonge, kwa hiyo koperative yenye simu nzuri inaweza kuanzia hapo.

Kwa nini mambo haya yatuhusu sisi wa mihogo, mpunga na ndagala? Kwanza kuna makala. Uyoga wa miombo hauoti wenyewe tu. Nyuzi zake zimefunga ndoa na mizizi ya mti: mti unaupa sukari, uyoga unaupa mti maji na madini ya udongo. Ukikata mti kwa ajili ya makala, uyoga ule unakufa nao, na hakuna mbegu ya kununua Bukavu ya kuurudisha. Uyoga wa vichuguu ni habari nyingine, ule unalimwa na mchwa wenyewe ndani ya nyumba yao. Na ule wa Pleurotus, ambao miradi inapenda kutufundisha, unaota juu ya majani makavu ya mpunga, nayo bonde la Ruzizi linayo mengi. Mtu akija kuwaambia atawafundisha kulima uyoga wa njano wa miombo ndani ya nyumba kama Pleurotus, mwulizeni maswali. Hapo hata alama yake h isiwatishe.

Pili kuna sumu. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachoaminika: si kijiko cha feza, si kitunguu saumu, wala konokono aliyekula akabaki mzima. Sumu mbaya kuliko zote, ile ya Amanita za kuua, haiishi kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Maumivu yanaanza baada ya saa sita au hata zaidi, mtu anatapika na kuhara, halafu anaona nafuu na kudhani amepona, kumbe ini linaharibika. Kwa hiyo asiyekuwa na hakika asile, na aliyekula akaanza kutapika usiku apelekwe hospitali hata kama asubuhi anajisikia vizuri. Apelekwe pamoja na mabaki ya uyoga, hata maganda. Mtaalamu wa majina anahitajika hasa hapo, wakati daktari anauliza "amekula gani?"

Jina moja la kijijini linaweza kubeba aina mbili au tatu, na aina moja inaweza kuwa na majina matano kati ya Wavira, Wafuliru, Wabembe na Warundi. Aliyehamia kutoka mlima mmoja kwenda mwingine anaweza kuokota kwa macho ya kwao akakosea. Na kazi bado ni kubwa: wataalamu wamekwisha kutoa majina ya aina za kuvu kama 150,000, lakini David Hawksworth na Robert Lücking walikadiria mwaka 2017 kwamba ziko kati ya milioni 2.2 na 3.8.

Kwa hiyo mtafiti akifika kwenu, msimuulize tu ametajwa mara ngapi. Muulizeni majina ya kienyeji yataandikwa wapi, na jina la aliyemwongoza porini litatokea kwenye karatasi au hapana. Muulizeni kitabu kitarudi kwa lugha gani. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kufanya kazi 2014, inataka idhini itolewe kabla ya mali ya asili kuchukuliwa, na faida yake igawanywe. Kuomba karatasi ya makubaliano si ukali.

Nanyi mwaweza kuanza bila kungoja mgeni. Ukipata uyoga usioujua, upige picha kutoka juu, kutoka chini na kwenye shina, ukiuchimba mpaka sehemu iliyofichwa udongoni. Andika siku hiyohiyo: tarehe, kilima, mti ulio karibu, harufu, rangi ya maziwa kama yapo, na jina analolitumia aliyeuokota, kwa lugha yake. Kata kofia moja, uilaze juu ya karatasi nyeupe usiku mzima, asubuhi utaona rangi ya unga wake. Uliobaki uukaushe polepole mahali penye joto na hewa, si juu ya moshi wa jiko, kisha uutie katika bahasha ya karatasi. Plastiki itauozesha. Gawanya kila sampuli mara mbili: nusu moja apewe mtafiti, nusu nyingine ibaki katika sanduku la koperative pamoja na daftari, ikiwa na namba ileile.