Apple na Samsung: nani alikopia nani, na sisi tunalipa nini?



Katika mkutano wetu wa mwisho wa mwezi, swali lililotuchukua muda mrefu halikuwa la sabuni wala la likelemba. Lilikuwa la telefone. Mama mmoja ana mtoto wa kike katika sekondari. Alimnunulia Tecno, na sasa mtoto haitaki kwa kuwa wenzake darasani wanamcheka: "Hiyo ni kopi ya iPhone." Mama akatuuliza: kama ni kopi, je, nilidanganywa? Na kama zote zinapiga WhatsApp, mbona ile nyingine bei yake inapanda mpaka mawinguni? Kwa kuwa mimi ni mwalimu, mlinipa kazi ya kutafuta jibu na kuliandika hapa.

Tuanze mwaka 2007. Tarehe 9 ya mwezi wa kwanza, kule San Francisco, Steve Jobs, kiongozi wa kampuni ya Apple ya Marekani, alionyesha iPhone kwa mara ya kwanza. Wengi wetu tunakumbuka simu za wakati ule: vitufe vingi chini, kioo kidogo juu. Yeye alitoa kitu chenye kioo karibu upande wote wa mbele, kinachotii kidole. Watu walishangaa. Lakini mwezi mmoja kabla, kampuni ya LG ya Korea ya Kusini ilikuwa imekwisha kuonyesha simu yake ya kioo cha kugusa, iliyoitwa Prada. Kwa hiyo hata siku ya kuzaliwa kwa iPhone, fikira ya kioo cha kugusa haikuwa ya mtu mmoja. Apple ilizidi wengine kwa namna simu ilivyojibu mkono: unakuza picha kwa vidole viwili, unasukuma orodha ya majina na ikifika mwisho inaruka kidogo kama mpira, ndipo unajua kwamba imekwisha.

Mwaka 2008 zikatoka simu za kwanza zenye Android, programu ya Google ambayo kampuni yoyote inaweza kuitumia. Mwaka 2010 Samsung ya Korea ya Kusini ikatoa Galaxy S. Jobs alikasirika sana. Katika kitabu cha maisha yake, Walter Isaacson anaandika kwamba aliapa kutumia hata senti ya mwisho ya kampuni yake ili kuiangamiza Android. Mwezi wa 4 mwaka 2011 Apple ikaishitaki Samsung katika tribinali ya Marekani.

Hapa kuna jambo lililonisimamisha mimi ninayesahihisha mitihani kila muhula. Katika kesi hiyo, mwaka 2012, mjini San Jose, avoka wa Apple walitoa karatasi ya ndani ya Samsung, yenye kurasa 132, iliyoandikwa mwaka 2010. Ukurasa kwa ukurasa, wafanyakazi wa Samsung walikuwa wameweka simu yao kando ya iPhone: kalenda hapa na kalenda pale, namna ya kupiga simu hapa na pale. Kisha chini wakaandika ni nini kirekebishwe. Mwalimu yeyote akiikuta karatasi ya namna hiyo chini ya dawati, hatamwuliza tena mtoto maswali mengi.

Lakini Samsung nayo ilikuwa na jibu lake, na si jibu la kijinga. Ilisema: kioo chenye pembe nne za mviringo si mali ya mtu. Avoka wake walileta hata picha ya sinema ya mwaka 1968 ya Stanley Kubrick, ambamo watu wanakula huku wakitazama vibao vyembamba vilivyolala mezani. Ni kama mwanafunzi anayesema, "Mwalimu, sote tulisoma kitabu kimoja." Wakati mwingine anasema kweli.

Raia tisa waliochaguliwa kuamua kesi hiyo walitoa jibu tarehe 24 ya mwezi wa 8 mwaka 2012: Samsung ilipe zaidi ya dola miliari moja. Siku ile ile, tribinali ya Seoul ilisema kwamba kampuni zote mbili zimechukua vitu vya mwenzake. Mwezi mmoja kabla, mwamuzi wa London alikuwa amesema kwamba vibao vya Samsung havikukopia iPad, kwa sababu havina ule uzuri wa iPad. Samsung ilishinda kwa kuambiwa kwamba kitu chake hakipendezi vya kutosha! Nayo Apple iliamriwa kutangaza hukumu hiyo kwa watu wa Uingereza.

Kule Marekani kesi ikazunguka miaka mingine sita. Hesabu ilikosolewa, ikarudiwa, ikapunguzwa, ikapanda hadi tribinali ya juu kabisa mwaka 2016. Swali lililofika huko linaeleweka na kila mama mwenye cherehani. Nikikopia kola ya rinda lako, nikushonee deni la faida ya rinda zima au faida ya kola tu? Dola milioni 399 zilikuwa zimehesabiwa kwa faida ya simu nzima, kwa sababu ya sura yake peke yake. Waamuzi wote wakakubaliana kwamba si lazima kuhesabu kitu kizima. Kesi ikarudi chini tena. Mwezi wa 6 mwaka 2018 kampuni hizo mbili zikapatana, na kiasi walichopeana hawakukitangaza.

Na katika miaka hiyo yote walikuwa wakiuziana. Akili ya ndani ya iPhone za kwanza ilitengenezwa katika viwanda vya Samsung. Mwaka 2017 iPhone X ilipotoka na kioo kipya kizuri, kioo kile kilitoka Samsung. Asubuhi avoka wanashitakiana, mchana maboksi yanapakiwa. Sisi tukiona majirani wa namna hiyo katika mtaa wetu, tungewapa jina.

Niseme kidogo juu ya sheria, maana wengine waliuliza. Mtu akivumbua kitu, anaweza kuomba breve, yaani karatasi ya serikali inayosema kwamba kwa miaka kadhaa hakuna mwingine wa kukitumia bila ruhusa yake. Sura ya kitu nayo inaweza kulindwa. Lakini fikira tupu haina breve. "Simu yenye kioo kikubwa" ni fikira. Namna fulani ya orodha kuruka ikifika mwisho ilikuwa na breve. Hata breve inaweza kuvunjwa. Ile ya kufungua simu kwa kusogeza kidole, ambayo Apple iliitetea sana, ilifutwa Ujerumani mwaka 2015. Sababu mojawapo ni kwamba kampuni ndogo ya Sweden, Neonode, ilikuwa na simu ya kufunguliwa kwa kusogeza kidole kabla ya iPhone kutoka.

Nasi wapenda vikwembe tusicheke wengine haraka. Waksi ya Hollande tunayoihifadhi kwa arusi ilianza kama kopi. Katika karne ya 19 Waholanzi waliona namna watu wa Java, kule Indonesia, wanavyochora kitambaa kwa nta, wakaanza kuigiza kazi ile kwa mashine. Vlisco ilianzishwa mjini Helmond mwaka 1846. Leo Vlisco ndiyo inayolalamika kwamba viwanda vya China vinakopia michoro yake. Na mashonaji wetu? Modeli ikitoka Jumapili kanisani, Jumamosi inayofuata iko mtaani.

Mkopo ulikwenda upande mwingine pia. Mwaka 2010 Jobs alikuwa amecheka simu kubwa, akisema hakuna atakayezinunua kwa kuwa mkono hauzishiki. Mwaka 2011 Samsung ikatoa Galaxy Note, yenye kioo cha zaidi ya sentimita 13 kutoka pembe hadi pembe. Watu wakainunua. Mwaka 2014 Apple ikatoa iPhone 6 Plus, yenye kioo cha karibu sentimita 14. Ile namna ya kushusha ujumbe kwa kuvuta kutoka juu ya kioo ilikuwa katika Android, kisha iPhone ikaipata mwaka 2011. Halafu Samsung ilicheka iPhone kwa kuondoa tundu la vifaa vya masikioni, na mwaka 2019 yenyewe ikaliondoa katika Note 10. Mwisho wa mwaka 2020 ikacheka tena kwa sababu Apple imeacha kuweka kichwa cha chaja katika boksi. Miezi mitatu baadaye Galaxy S21 ilitoka bila hicho kichwa. Mwenye kucheka alikopia hata ubahili.

Sasa Tecno. Tecno, itel na Infinix ni ndugu watatu wa kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kampuni hiyo ililenga Afrika tangu mwaka 2008. Ilitazama maisha yetu: mtu ana laini ya Vodacom kwa sababu ya M-Pesa, ana ya Airtel au Orange kwa sababu dada yake yuko huko, na umeme unakuja unapotaka. Ikatoa simu za kadi mbili za SIM, betri ya kudumu, na baadaye kamera iliyorekebishwa ili ngozi nyeusi isipotee gizani. Simu ya kadi mbili haikuvumbuliwa na Tecno, ilikuwepo Ulaya tangu mwaka 2000. Lakini kampuni kubwa ziliidharau. Nokia iliifikia ikiwa imechelewa, na Apple iliweka laini mbili katika iPhone mwaka 2018 tu. Kwa hiyo yule mtoto anaweza kuwajibu wenzake kwamba katika jambo hilo iPhone ndiyo iliyofuata nyuma ya simu za mama zao.

Simaanishi kwamba Transsion ni malaika. Mwaka 2019 Huawei iliishitaki kwa ajili ya picha ya kupamba kioo, ikisema ni yake. Mwaka 2024 Qualcomm ya Marekani iliishitaki huko India kwa ajili ya breve zake. Na sura ya simu nyingi za bei ndogo inafanana na ya iPhone kwa makusudi: kamera zimepangwa vilevile, rangi ni zile zile. Wanajua tunachokitamani.

Hata ng'ambo ya mto, Brazzaville, kijana Vérone Mankou alitoa simu mwaka 2012, akaiita Elikia, yaani tumaini kwa Kilingala. Ilichorwa Congo na kuunganishwa China. Wengine wakasema papo hapo kwamba ni simu ya Kichina iliyobandikwa jina. Mimi hilo liliniuma. iPhone nayo inaunganishwa China, wala hakuna anayeiita ya Kichina. Mmarekani akichukua fikira ya mwenzake huitwa mjuzi. Mwafrika akifanya hivyo huitwa mwigaji. Na koltani ya Kivu na kobalti ya Lualaba zinatoka mikononi mwa watu wetu, zinaingia katika simu za kila jina, lakini jiwe halina breve.

Turudi kwenye bei. Ukilipa zaidi kwa iPhone au Galaxy kubwa, sehemu ya pesa inalipa jina na matangazo. Sehemu nyingine inalipa kitu cha kweli: kamera bora, kioo kigumu, na hasa miaka ambayo kampuni itaendelea kuitengeneza programu ya simu hiyo. Tangu Galaxy S24 ya mwaka 2024, Samsung inaahidi miaka saba kwa simu zake kubwa. Simu za bei ndogo hupewa muda mfupi zaidi. Hili si jambo la mapambo. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, WhatsApp haifanyi kazi tena katika simu zenye Android 4. Mama aliyenunua simu ya zamani ya jina kubwa kwa bei rahisi anaweza kukuta hapati tena ujumbe wa masomo ya mtoto, huku jirani mwenye itel mpya anaupata. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza jina, fungua mipangilio na uulize ni Android ya ngapi.

Kuna pia ya bandia, ambayo ni habari nyingine kabisa. Kuazima fikira ni kuweka jina lako juu ya kazi uliyojifunza kwa mwingine. Bandia inaweka jina la mwingine juu ya kazi mbovu. Katika kikundi kimoja cha likelemba, mama alichukua zamu yake yote akanunua "iPhone" mpya sokoni. Nyumbani mtoto akaifungua, akakuta Play Store ndani. iPhone ya kweli haina Play Store, ina App Store tu. Ile ilikuwa Android iliyovaa nguo ya iPhone, na zamu ya miezi kumi ilikuwa imekwisha.

Basi, kabla pesa haijatoka mkononi, washa simu. Piga *#06#, itaonekana namba ya tarakimu 15. Ilinganishe na ile ya kwenye boksi. Kama simu ina laini mbili utaona namba mbili, usishangae. Tazama kama inafungua Play Store au App Store kulingana na jina lake. Weka kadi yako ya SIM, piga kwa mtu, piga picha mbili, pakua kitu kidogo ukiwa bado hapo mezani. Simu inayosema ina nafasi ya GB 128 na kujaa baada ya picha chache imeandikiwa uongo. Muuzaji akikataa usiiwashe mpaka ulipe, mrudishie boksi lake, nenda meza nyingine.