Sauti katika Moyo wa Mtoto

Mara nyingi wazazi wanafika misioni wenye huzuni: munganga amesikiliza kifua cha mtoto wao, akasema moyo unatoa sauti. Wao wamesikia kwamba moyo umetoboka na mtoto atakufa. Jioni ileile jamaa wanaanza kuulizana nani amemroga. Basi, wandugu, yafaa sisi tunaowaongoza tujue maana ya neno hilo.

Damu ikipita kwa nguvu katika milango ya moyo, pengine inavuma kama maji ya mto juu ya mawe. Wanganga wanasikia uvumi huo kwa stetoskopu, chombo alichobuni Mfaransa Laennec mwaka 1816. Lakini si kila uvumi ni ugonjwa. Mwaka 1909 Mwingereza George Frederic Still aliandika juu ya uvumi laini wa watoto wazima wa mwili, usio na hatari. Watoto wengi wanao. Homa na upungufu wa damu vinauongeza. Kwa hiyo mwenye malaria asikilizwe tena akiisha kupona.

Kuna tena habari ya tundu. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, mapafu yake hayajaanza kazi. Damu inapita kwa tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Akiisha kuzaliwa, linajifunga. Walakini kwa watu wazima, karibu mmoja katika wanne halikufungwa kabisa, na wengi hawana habari. Labda hata kati yetu tunaoimba masifu ya asubuhi wamo!

Hatusemi kila sauti idharauliwe. Mtoto mchanga anayechoka na kutoka jasho akinyonya, asiyekua, mwenye midomo ya buluu, au mkubwa anayezimia akicheza: hao waende hospitali upesi, wasingojee novena iishe. Vilevile maumivu ya koo, zaidi kati ya miaka 5 na 15, yasipotibiwa pengine yanaleta homa ya viungo inayoharibu milango ya moyo. Katekista amtume mtoto dispanseri. Penisilini inaweza kuzuia hayo.

Na ubatizo? Aliye katika hatari ya kufa abatizwe mara moja. Mwenye sauti tu hayumo katika hatari hiyo. Tukimbatiza mbiombio usiku, tunawathibitishia wazazi hofu yao.

Sisi wenyewe tulimkataza kijana mmoja kucheza mpira mwaka mzima kwa ajili ya sauti. Alipopimwa kwa ekografi, moyo ulikuwa mzima. Wenzake walikuwa wamekwisha kuzoea kucheza bila yeye.