Je, Wajua? Watunga Kamusi, kutoka London hadi Makunduchi

Je, wajua kwamba kitabu cha kwanza cha Samuel Johnson, Mwingereza mashuhuri kwa kamusi yake, kinagusa pwani yetu? Kilitoka mwaka 1735, miaka ishirini kabla ya kamusi hiyo. Kilikuwa tafsiri ya safari za Jerónimo Lobo, padri Mreno wa shirika la Wajesuiti, ambaye mwaka 1624 alishuka Pate, katika visiwa vya Lamu, akitafuta njia ya nchi kavu ya kufikia Uhabeshi, akashindwa. Johnson alikuwa kijana fukara mjini Birmingham. Sehemu kubwa ya tafsiri hiyo aliitoa akiwa amelala kitandani, yeye akisema na rafiki yake akiandika. Ujira wake ulikuwa gini tano.

Uhabeshi haukumtoka moyoni. Mwaka 1759 mama yake alipofariki, aliandika kisa cha Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, kwa jioni za juma moja tu, apate fedha za mazishi.

Kamusi ndiyo iliyomla miaka. Alitia saini mkataba mwaka 1746, kazi ikachapishwa Aprili 1755 ikiwa na maneno 42,773. Wasaidizi wake walikuwa sita, watano kati yao watu wa Scotland. Nyumbani mwake London aliishi pia Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica, akaletwa kwake mwaka 1752 akiwa bado mtoto. Johnson alimsomesha, na katika wasia wake akamwachia pato la paundi 70 kila mwaka.

Johnson alichota maneno yake vitabuni, akayawekea mifano ya matumizi zaidi ya laki moja kutoka kwa waandishi waliomtangulia. Unguja kazi ilikwenda kwa njia nyingine kabisa, maana hapa maneno yalichotwa vinywani mwa watu.

Edward Steere aliteremka Zanzibar Agosti 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Waanglikana. Mapema kabisa misheni ilikabidhiwa na Sultani wavulana watano waliookolewa kwenye jahazi la watumwa. Kwa hiyo Kiswahili kilimwingia Steere kwa kusikiliza, kuuliza na kuandika, huku na yeye akiwafundisha wengine. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili. Kimoja kilieleza sarufi ya Kiswahili cha Unguja na kubeba orodha ndefu za maneno. Cha pili kilikuwa mkusanyo wa hadithi, na jina la kitabu lenyewe linakiri kuwa hadithi hizo zilisimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Ningependa kila anayekisifu kitabu hicho awakumbuke kwanza wasimulizi hao, kwa sababu bila wao Steere asingekuwa na cha kuandika.

Kaburi la Steere liko Mkunazini, nyuma ya altare ya Kanisa Kuu la Anglikana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapohapo palipokuwa soko. Steere alisimamia ujenzi mwenyewe, akafa Agosti 1882. Wageni wengi huingia humo kuitazama historia ya utumwa, na wanafanya vyema. Wachache huambiwa kuwa chini ya sakafu hiyo amelala mtu aliyeyapanga maneno ya Mji Mkongwe kwa alfabeti ya Kilatini.

Baada yake alikuja A. C. Madan, naye mmisionari wa UMCA. Mwaka 1887 alichapisha mkusanyo wa habari zilizoandikwa na vijana wa shule ya misheni ya Kiungani, wengi wao wakieleza kwa kalamu zao jinsi walivyotekwa makwao hadi wakafika pwani. Kwangu mimi hao ni miongoni mwa waandishi wetu wa mwanzo wa nathari, na wanastahili kusomwa shuleni. Kamusi za Madan zilifuata, ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903.

Na je, wajua kwamba Kiswahili nacho kina Johnson wake? Huyu ni Frederick. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mbele ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, alichokishughulikia mmisionari Krapf. Kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930, na Frederick Johnson akawa katibu wake. Mwaka 1935, miaka 180 baada ya kamusi ya yule wa London, alitoa kamusi iliyoeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Alifariki mwaka 1937. Kamusi zake kubwa, zilizojengwa juu ya zile za Madan, zilichapishwa mwaka 1939.

Kiunguja kilichochaguliwa, hata hivyo, kilikuwa cha mjini. Kusini mwa kisiwa, Makunduchi na vijiji jirani, watu walikuwa na Kikae chao. Kaskazini walikuwa na Kitumbatu. Haji Chum alikishughulikia Kikae tangu miaka ya 1960 akishirikiana na mtaalamu wa Kiswahili H. E. Lambert, na mwaka 1994 kikatoka kitabu chake *Msamiati wa Pekee wa Kikae*. Ni kitabu kidogo, kilichochapishwa mbali, Uppsala nchini Sweden, na ukikitafuta madukani utahangaika. Mimi nakiweka juu ya vyote nilivyovitaja, kwa kuwa kimeokoa maneno ambayo kamati ya mwaka 1930 haikuyashughulikia.

Mwaka 2010 Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilitoa *Kamusi la Kiswahili Fasaha*. Safari hii kazi ilisimamiwa na Wazanzibari wenyewe, hapahapa Unguja.

Kama una bibi au babu Makunduchi, Tumbatu au Nungwi, kaa naye. Muulize majina ya samaki, ya mitego, ya upepo na ya vyakula vya zamani. Yaandike pamoja na maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe, kisha uyapeleke BAKIZA.