Nani alitufundisha kung'ang'ania chetu?

Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa uchumi wangali wanalisoma. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, nusu ya wanafunzi waligawiwa vikombe vyenye nembo ya chuo. Nusu nyingine hawakupata kitu. Kisha soko likafunguliwa. Waliopewa walidai dola 5 na ushei ndipo wauze. Wasiopewa hawakuwa tayari kutoa hata dola 3. Kikombe ni kilekile, na mwenyewe alikuwa amekimiliki kwa muda mfupi tu.

Wengi waliona kwamba hayo ni maumbile: kiumbe akishika chake, hakiachii. Mwaka 2007 Sarah Brosnan na wenzake walionyesha kuwa hata sokwe akishapewa siagi ya karanga huwa mgumu kuibadilisha kwa juisi iliyogandishwa, na aliyepewa juisi naye huing'ang'ania. Kwa vitu vya kuchezea, ung'ang'anizi huo haukuonekana. Basi ikaelekea kuwa ni jambo la damu, angalau pale penye chakula.

Ndipo Coren Apicella na wenzake wakaenda Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, ambao baadhi yao wangali wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mshiriki alipewa pakiti ya biskuti au kiberiti cha gesi, kisha akaulizwa kama angependa kubadilisha apate biskuti za ladha nyingine au kiberiti cha rangi nyingine. Alichopewa kilitokana na bahati tu, kwa hiyo ungetarajia karibu nusu yao wabadilishe. Katika kambi za mbali, asilimia 53 walibadilisha. Katika kambi za karibu na Mang'ola, ni asilimia 25 tu.

Hao ni watu wa kabila moja na lugha moja. Ila Mang'ola ni nchi ya vitunguu, malori na watalii wanaokuja kuona uwindaji na kuondoka na pinde na shanga walizonunua. Huko Mhadzabe amezoea kwamba mshale una mwenyewe na una bei. Porini mambo ni mengine. James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza jinsi wanaume wanavyocheza kamari ya lukuchuko kwa kurusha vipande vya magome ya miti, huku wakiweka dau la mishale ya chuma, visu na shanga. Mali huzunguka kambini bila kutulia kwa mtu mmoja. Mwenye viwili huombwa kimoja mchana kweupe, na kumnyima mwombaji ni aibu. Kwa majirani wa namna hiyo, hata mimi ningeachia kikombe cha Cornell mapema.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yananifanya niwatilie shaka wanaosema soko limekuja kuhudumia tabia tuliyozaliwa nayo. Kwa Wahadzabe, inaelekea soko ndilo lililoileta.

Jaribio jingine linakwenda njia hiyohiyo. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List waliwataka watu warushe mpira wa tenisi ndani ya ndoo, kila mmoja akichagua mwenyewe alipwe kwa kila mpira ulioingia, au ashindane na mwenzake asiyemjua na akimshinda alipwe mara tatu. Kwa Wamasai wa Tanzania, nusu ya wanaume walichagua kushindana. Wanawake ni asilimia 26. Kwa Wakhasi wa Meghalaya, India, ambako ukoo hufuata mama na binti mdogo ndiye mrithi wa nyumba, wanawake walikuwa asilimia 54, wanaume 39. Washiriki walikuwa wachache, na jamii zenyewe mbili tu, kwa hiyo nisingetunga sera juu yake. Lakini anayedai kuwa mwanamke hana moyo wa ushindani kwa maumbile yake, na aanze kwa kuwaeleza Wakhasi.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni ule wa Joseph Henrich na wenzake katika jamii ndogo 15. Mtu hupewa fedha agawane na asiyemjua. Huyo wa pili akikataa, wote hukosa. Kwa Waau na Wagnau wa Papua New Guinea, kuna waliokataa hata walipopewa zaidi ya nusu, kwa kuwa kwao kupokea zawadi kubwa ni kujifunga deni. Waorma wa Kenya, walipoletewa na Jean Ensminger mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua palepale: hii ni harambee! Wakachangia kwa ukarimu.

Dar es Salaam tunawaelewa bila mkalimani. Anayepokea kadi ya mchango wa harusi hapigi hesabu ya pilau na muziki. Anakumbuka mwenye kadi alimchangia kiasi gani alipomwoza binti yake, na asipokumbuka, mweka hazina wa kamati ile anayo orodha.