Uru Iliyorukwa

Katika briji, slemu ndogo ni ahadi ya kula mapigo 12 kati ya 13. Tamaa ipo: bonasi ni pointi 500 au 750. Lakini mimi kwanza humpigia mwenzangu hodi.

Juzi nilifungua kopa moja, akanipandisha hadi tatu. Turufu tukawa tumeafikiana. Nikataja shupaza tatu. Si kwamba nataka kuicheza; namwambia ninayo ree yake. Akajibu pau nne: naye ana ree ya pau. Nikarudi kopa nne, nikairuka uru. Kule kuiruka ndiko habari yenyewe: sina ree ya uru. Naye hakuwa nayo, akapisha. Wapinzani wakala ree na mfalme wa uru, sisi 11. Slemu ingetutoa jasho bure.