Penye Wengi Pana Mengi: Familia na Foleni za Siku za Mapumziko

Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Kauli hiyo hudhihirika kila mwaka wilayani Rusizi, katika eneo lililojulikana kama Mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, pale kiangazi kinapoingia. Tarehe 1 Julai ni Siku ya Uhuru. Tarehe 4 ni Siku ya Kwibohora. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura. Na tarehe 15 Agosti Wakatoliki huadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria. Wanafunzi huwa katika likizo ndefu, na askari aliyepata ruhusa yake huwa yu nyumbani pamoja na jamaa zake. Watoto huuliza neno moja tu: "Baba, tutakwenda wapi?"

Mahali pa kwenda pamezidi kuongezeka. Mwaka 2010 Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, ambayo sehemu yake imo wilayani Rusizi, ilifungua huko Uwinka njia inayoning'inia juu ya vilele vya miti. Kituo hicho kiko kando ya barabara kuu itokayo Kamembe kwenda Huye. Mwezi Septemba 2023 msitu huo uliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mjini Kigali, Bustani ya Nyandungu ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 2022. Karibu zaidi na nyumbani kuna fukwe za Ziwa Kivu na uwanja wa mpira.

Lakini mahali papya huvuta watu wengi kuliko mahali palipozoeleka, na siku ya sikukuu watu hao hufika kwa saa ile ile. Hapo familia hukutana na mambo mawili ambayo watu wengi huyadhani kuwa ni jambo moja: foleni na msongamano. Foleni huchosha, wala haiui. Msongamano huua. Mzazi anayejua tofauti yake atarudi nyumbani na watoto wake wote. Na askari wa zamu anayeijua atawarudisha watoto wa wenziwe.

KWA NINI KUNGOJA HUCHOSHA

Mkazi wa Kamembe si mgeni wa foleni. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wadogo wadogo, wengi wao akina mama, wamepanga mstari alfajiri kwenye mpaka wa Rusizi ili wavuke daraja kwenda Bukavu. Mama wa namna hiyo hufika mapema, kitambulisho chake ki mkononi, na mzigo wake ameufunga vyema asije akaushughulikia mbele ya dirisha. Maarifa hayo ndiyo yanayohitajika penye lango la burudani, ingawa wengi huyaacha nyumbani siku ya sikukuu.

Wenye bustani kubwa za michezo ulimwenguni nao walifundishwa na taabu. Bustani ya Disneyland ilipofunguliwa huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, watu wengi waliingia kwa kadi za bandia, na umati ukazidi matayarisho yote. Vyakula na vinywaji vikaisha. Bustani za namna hiyo zimekuja kutumia kamba za kupindisha mstari, ili watu wengi wasimame mahali padogo bila kusukumana, na kila mtu aone kwamba anasogea.

Mwaka 1985 mtaalamu wa uongozi wa biashara, David Maister, aliandika makala yenye kueleza jinsi kungoja kunavyohisiwa na mwenye kungoja. Alionyesha kwamba muda usio na kazi huonekana mrefu kuliko muda wenye kazi. Kungoja kusikojulikana mwisho wake huchosha kuliko kungoja kunakojulikana. Na kungoja kwenye upendeleo huudhi kuliko kungoja kwenye haki. Kila mzazi anaweza kuyatumia maneno hayo.

Kwanza, mtoto apewe kazi. Mmoja ahesabu watu waliovaa kofia, mwingine ategue vitendawili, wa tatu alinde chupa ya maji.

Pili, muda upimwe. Hesabu yake ni nyepesi. Tazama kwa dakika 5 ni watu wangapi wanaoingia langoni, kisha kadiria idadi ya watu walio mbele yako. Ikiwa watu 12 huingia kwa dakika 5, na mbele yako wamo watu 120, basi utangoja dakika 50. Ukishajua hivyo, unaweza kuamua pamoja na mwenzio kama watoto watastahimili, au kama ni afadhali kula kwanza na kurudi baadaye.

Tatu, haki ilindwe. Askari asiyekuwa zamuni asitumie sare wala kitambulisho chake kuwapitisha jamaa zake mbele ya watu. Mtu mmoja akivunja mstari, kumi humfuata, na mstari uliovunjika ndio mwanzo wa msongamano.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Mama na baba wakae usiku wa kuamkia safari wakapange mambo yao. Yafaa kuulizia mapema saa za kufungua, bei za tiketi na umri wa watoto wanaoruhusiwa. Kwenye njia ya juu ya miti huko Uwinka watu hupita kwa makundi madogo wakiongozwa na mfanyakazi wa hifadhi, kwa hiyo haiwezekani watu wote wapite kwa mara moja, hata wangefika mia. Afikaye asubuhi hungoja kidogo. Afikaye saa sita hungoja wale wote waliomtangulia.

Fedha ndogo ndogo ziwekwe tayari, ili mtu asisimame dirishani akingoja chenji. Maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha, pamoja na chakula kisichoharibika upesi, kama vile viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu na maandazi. Kofia ni muhimu kwa jua la Julai, na sweta ni muhimu kwa baridi ya Nyungwe, kwa maana msitu huo uko juu milimani. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa kitenge, kwani kigari cha mtoto hakina nafasi penye watu wengi.

Kila mtoto mdogo awe na kipande cha karatasi mfukoni chenye namba ya simu ya mzazi. Mtoto mkubwa ajue namba hiyo kwa moyo. Mara tu familia inapofika, wote waonyeshwe mahali pamoja pa kukutania iwapo watapoteana: chini ya mti fulani, au penye nguzo ya bendera. Mahali hapo pasiwe langoni, kwa kuwa lango ndilo hujaa kwanza. Kisha baba atazame mlango wa kutokea uko wapi, na kama kuna wa pili.

FOLENI INAPOGEUKA KUWA MSONGAMANO

Afrika ya Mashariki imekwisha kulia zaidi ya mara moja. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora, Tanzania, katika ukumbi wa dansi uliofurika. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walipoteza maisha jijini Dar es Salaam, katika Uwanja wa Uhuru, walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, jijini Kampala, watu wasiopungua 9, watoto wakiwamo, walikufa walipokuwa wakitoka kwa pamoja kwenda kutazama fataki za mwaka mpya. Na nchini Rwanda kwenyewe, mwezi Juni 2024, mtu mmoja alifariki na wengine 37 walijeruhiwa katika msongamano kwenye mkutano wa kampeni huko Rubavu.

Watu husema kwamba wafu hao "walikanyagwa", kana kwamba umati ulipatwa na wazimu ukakimbia. Mara nyingi sivyo. Wengi katika maafa ya namna hii hufa wakiwa wamesimama, kwa kubanwa kifua hata pumzi zikashindwa kuingia. Mjini Seoul, Korea ya Kusini, tarehe 29 Oktoba 2022, watu 159 walikufa kutokana na kubanana katika kichochoro chenye upana wa meta 3 na kidogo. Walio nyuma husogea hatua moja tu, bila kujua ya mbele. Hatua hiyo moja, ikijumlishwa na za mamia wengine, huwa uzito usiozuilika.

Kipimo chake ni rahisi. Fikiria meta moja ya mraba, yaani eneo linalotosha kitoto kulalia. Wakisimama humo watu wawili au watatu, kila mmoja hutembea apendavyo. Wakifika wanne, mwendo huwa wa taratibu. Wakifika watano na mabega yakagusana pande zote, hatari imeanza. Wakizidi sita, hakuna tena mtu anayetembea kwa hiari yake: umati huyumba kama maji ya ziwa, na kila mtu huchukuliwa.

Kwa hiyo dalili za kutazama ni hizi: mabega yakikugusa pande zote, ukishindwa kuinua mkono kujikuna uso, ukisikia umati unayumba, ukisikia watu wa mbele wanapiga kelele za maumivu na walio nyuma wakidhani ni shangwe. Ukiona dalili ya kwanza, ondoka. Tiketi iliyopotea hununuliwa tena.

UKIWA NDANI YA MSONGAMANO

Ikitokea umechelewa kuondoka, usishindane na umati. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mapafu yapate nafasi ya kupanuka. Simama imara kwa miguu iliyoachana kidogo. Usipige kelele bila sababu, kwani pumzi ni akiba. Usiiname kuokota kiatu, simu wala mkoba. Umati ukisukuma, fuata. Ukitulia, sogea hatua chache kwa mshazari kuelekea ukingoni. Jiepushe na kuta, nguzo na uzio, ambapo mtu hubanwa asiwe na pa kwenda. Mtoto mdogo ainuliwe juu ya vifua vya watu, maana urefu wake humweka mahali pasipo hewa. Mtu akianguka, aliye karibu amwinue mara moja. Na akishindwa kuinuka, ajikunje kwa ubavu, akifunika kichwa kwa mikono yake.

WAJIBU WA ALIYE ZAMUNI

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawaendi kwenye sherehe kama wageni tu, huenda kulinda. Nao wakumbuke yaliyotukia Sunderland, Uingereza, tarehe 16 Juni 1883. Watoto waliokuwa ghorofani katika ukumbi wa maonyesho walitangaziwa kwamba zawadi zinatolewa chini. Wakashuka ngazi mbio. Chini palikuwa na mlango uliofungwa kwa komeo ukaacha upenyo wa mtoto mmoja tu. Watoto 183 walikufa. Kutokana na msiba huo kuliwekwa masharti kwamba milango ya kumbi ifunguke kwa nje, na baadaye ikabuniwa milango inayofunguka kwa kusukumwa upau.

Mafunzo yake hayajachakaa. Mlango wa kutokea usifungwe kamwe, hata kama ni kwa ajili ya kuzuia wasiolipa. Wanaoingia na wanaotoka wasikutanishwe katika njia moja. Zawadi, fulana au chakula visigawiwe mahali pamoja kwa kutangazwa ghafula. Idadi ya watu ihesabiwe langoni, na ikifika kikomo, wanaobaki wazuiwe mbali na lango, penye uwazi, wala si penye uzio. Zaidi ya yote, wa nyuma wapewe habari. Askari mwenye kipaza sauti akiwaambia walio nyuma, "Simameni, rudini hatua tatu, mbele pamejaa," amefanya kazi kubwa kuliko askari kumi wanaosukuma kwa mbele. Na akiwatangazia kwamba watangoja nusu saa, watangoja kwa utulivu. Asipowaambia kitu, watasogea.

Hali ya ziwani ni nzito zaidi, kwa kuwa mtumbwi uliojaa hauna mlango wa kutokea. Mwezi Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama katika Ziwa Kivu karibu na gati la Kituku, mjini Goma, na makumi ya watu wakaangamia. Familia inayokwenda kisiwani Nkombo au kutembea majini ihesabu majaketi ya kujiokolea kabla ya kuhesabu nafasi za kukaa. Pasipo jaketi la mtoto, mtoto asipande. Chombo kikijaa, kingojewe kingine.

Subira huvuta heri, na katika jambo hili heri yenyewe ni uhai. Mzazi atakayewafundisha watoto wake kusimama katika mstari, kutompita aliyetangulia, na kurudi nyuma pale pasipo nafasi, atakuwa amewapa mafunzo yatakayowafaa penye daraja, sokoni, uwanjani na ziwani. Na iwapo siku hiyo lango limefurika kupita kiasi, familia itandike mkeka ufukoni, ile maandazi yake, na ipange safari nyingine katikati ya juma, siku isiyo sikukuu. Msitu wa Nyungwe utakuwapo, na miti yake haihami.