Wadudu Walinzi wa Minazi na Mihindi

Neno "dudu" halina heshima katika Kiswahili chetu. Mtu akiitwa dudu ametukanwa, na kila kitambaacho na kirukacho hutiwa katika kapu hilo hilo moja: nyuki, nyigu, mavu, siafu, sisimizi na mchwa. Lakini Nairobi kiko kituo cha wataalamu ambacho makao yake, huko Kasarani, yameitwa Duduville, yaani mji wa dudu, wala hakuna aliyeona haya.

Kituo hicho ni ICIPE, nacho kilianza mwaka 1970 huko Chiromo, penye Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkaazi wa Woodley akishika Barabara ya Ngong hadi mjini, kisha akaelekea upande wa Westlands, ataipita Chiromo njiani. Mwanzilishi wake, marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno, Makerere na Cambridge, kisha akarudi nyumbani na hoja moja: Afrika haina budi kuwa na vituo vyake vya sayansi, ili Waafrika wenyewe wayachunguze mambo yanayowasumbua. Alikiongoza kituo mpaka mwaka 1994, na akafariki mwaka 2003.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja atauliza: sisi twapata nini kwa watu wanaokaa wakihesabu miguu ya nyigu?

Tuanze na mnazi. Kila mwenye shamba ajua kwamba nazi haizuki ghafla. Huanza upunga, ukawa kidaka, kikawa kitale, likaja dafu, kisha koroma, ndipo ikawa nazi. Zamani huko Unguja vidaka vilikuwa vikipukutika kabla ya wakati wake, na wenye minazi wakihesabu hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alionyesha kwamba mwenye kosa ni mdudu mdogo anayechoma nazi changa na kufyonza maji yake. Mdudu huyo baadaye akapewa jina la kitaalamu lililotokana na jina la Way.

Jambo kubwa, hata hivyo, lilikuwa jingine. Minazi iliyokaliwa na majimoto ilisalimika. Majimoto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa nyumba. Wakubwa huyavuta majani yakakutana, wengine huwashika watoto wao kinywani na kuwapitisha huku na huku kama mfumaji apitishavyo uzi, nao watoto hutoa nyuzi za kushonea. Mkwezi huwalaani kwa kuwa humng'ata asipate pa kushika. Kumbe hao ndio askari wa shamba, maana humfukuza mfyonza nazi. Adui yao ni chungu wengine wadogo waishio ardhini. Hao wakizidi, majimoto huhama mti, na vidaka huanza kuanguka.

Tuje kwenye mahindi. Yuko bungua, funza apekechaye bua mpaka muhindi ukakauka umesimama. Mmoja katika mabungua hao ni mgeni aliyetoka Asia. Katika Afrika alijulikana kwanza Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na miaka ya 1950 alikuwa amekwisha fika Afrika Mashariki. Alikuja peke yake, adui yake akabaki kwao, basi akastarehe katika mashamba yetu. Dawa ya kupuliza haimpati kwa urahisi, kwa kuwa amejificha ndani ya bua.

Wataalamu wa ICIPE wakamwendea adui yake huko huko Asia. Kutoka Pakistan walileta nyigu mdogo asiyefikia urefu wa punje ya mchele, asiyemuuma mtu. Baada ya kumchunguza, wakamwachilia katika mashamba ya Pwani ya Kenya mwaka 1993. Nyigu huyu huingia katika tundu la bungua na kumtaga mayai mwilini. Watoto hula ndani kwa ndani, kisha hutoka na kujifunga katika vifuko vyeupe vidogo, na bungua hufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba bungua huyo wa kigeni alipungua Pwani kwa zaidi ya nusu. Hakwisha, lakini kwa mkulima mwenye ekari moja na watoto sita, nusu hiyo ni gunia ghalani.

Wala wa Woodley hawakusahauliwa. Sukuma wiki na kabichi zina nondo wao, ambaye amezizoea dawa nyingi. Mwaka 2002 kituo kiliachilia nyigu mwingine, aliyetoka Taiwan, katika mashamba ya Taita na Limuru, na mboga za Limuru ndizo zinazoshuka masoko ya Nairobi.

Kwetu sisi habari hii isingekuwa ngeni. Mtoto wa chuoni hupita Sura ya Nyuki na Sura ya Chungu kabla hajaota ndevu. Amesikia kwamba nyuki aliongozwa na Mola wake namna ya kujenga, na kwamba chungu aliwaonya wenziwe jeshi la Nabii Suleiman lilipokaribia. Na katika Hadithi iliyopokewa kwa Ibn Abbas, Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa wanyama wanne, wawili wao wakiwa chungu na nyuki. Tumeyahifadhi hayo kwa moyo, kisha tukienda shamba twapuliza dawa bila kuuliza nani atakufa. Anayekufa mara nyingi ni mlinzi, na yule aliyejificha ndani ya bua hubaki akila.

Basi mwenye mnazi akiona nyumba ya majimoto, asiichome moto, na mkwezi aongezwe ujira kwa maumivu yake. Na mwenye shamba la mahindi akipasua bua akakuta vifuko vyeupe kando ya bungua aliyekufa, aliache bua hilo hapo hapo. Katika vifuko hivyo watatoka walinzi wa muhindi wa jirani.